Maswali Thelathini ya Fortunata

Kiwanda cha korosho kilipofungwa, watu mia tatu walipunguzwa kazi kwa siku moja, na mmoja wao alikuwa Fortunata Ambrosi, mhudumu wa zahanati ya kiwanda, mjane wa miaka arobaini na minne. Mume hakuwa naye tena, na simile hakuzaliwa nayo. Enzi zilikuwa za soko huria. Wenzake wengine waliingia kwenye mitumba, wengine walifungua vibanda vya soda, na wengine wanasubiri mafao mpaka leo. Yeye alibeba sanduku lake akarudi Kilangala kwa mama yake, akashika jembe, na jioni akawa anawafunga vidonda majirani ambao zahanati yao haikuwa na hata pamba.

Mama huyo, Anjelina, alikuwa ameanza kupotea huku amekaa pale pale. Alitia chumvi kwenye mboga, akageuka, akatia tena. Jua la saa sita lilimkuta njiani na jembe begani, anakwenda kulima shamba waliloliacha kule uwandani kwa Wamakonde kabla Fortunata hajavunja ungo. Kiswahili, ambacho alikizungumza miaka arobaini, kilikuwa kinamtoka kidogo kidogo, anabaki na Kimakonde cha utotoni. Wapo waliosema ni uzee tu. Wapo waliosema amerogwa. Na wapo, nao ndio wabaya, waliosema yeye mwenyewe ndiye mchawi, mambo yake yamemrudia. Shemeji mmoja alipoleta mganga bila kuulizwa, Fortunata aliwafukuza wote wawili kwa mwiko wa ugali, na huo mwiko ulikuwa bado na ugali.

Kwa hiyo mwaka wa tisini na saba, habari zilipofika kwamba taifa linafanya utafiti wa ugonjwa wa kusahau uzeeni, Fortunata alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya makarani. Madaktari wa kanda tano za nchi walikuwa wameungana. Kila kanda ingewahoji wazee kwa maswali yale yale thelathini, ili ijulikane wangapi wanaumwa, nini kinawakinga wasioumwa, na dawa zipi zijaribiwe. Mzee akipata chini ya kumi na nane, ana dalili. Na kanda itakayokamilisha kazi yake vizuri ingepewa kliniki ya wazee na daktari wa kuja kila mwezi. Fortunata hakusikia mengi baada ya hapo. Alisikia kliniki, akamwona mama yake amekaa kwenye benchi lake.

Siku aliyokabidhiwa fomu, kabla hajamgusa mzee wa mtu, alimhoji mama yake. Alimuuliza kwa Kiswahili, neno kwa neno, kama walivyofundishwa. Anjelina alipata tisa. Fortunata aliikunja ile fomu, akaisukuma chini ya kanga sandukuni, na kujiambia kwamba mama alikuwa amechoka kwa jua. Halafu akashika njia kwenda kuwahoji wazee wa watu.

Ndivyo alivyofika Kiswere, kijiji cha wavuvi kati ya Lindi na Kilwa, Alhamisi moja ya mwezi wa Agosti, akabisha hodi kwa Bi Mwanaheri binti Pazi. Bibi huyu alikuwa na miaka sabini na kitu. Alisomesha wasichana Kurani, aliosha maiti wa kike, na muda wote uliobaki mikono yake ilisuka ukili wa mikeka bila yeye kuitazama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkekani. Kwenu wapi?"

"Kilangala, lakini asili yetu Umakondeni."

"Aa, mtani! Nilijua tu. Umeingia kama mgambo."

Fortunata alicheka, akatoa kalamu. Leo ni mwezi gani, tarehe ngapi? Mfungo saba, kumi na saba, alijibu bibi. Fortunata alitazama fomu. Ilitaka Agosti, ishirini na moja. Akaandika sifuri. Una watoto wangapi? "Wapo, alhamdulillahi." Wangapi, bibi? "Wapo tu, mwanangu." Sifuri. Baba mkwe wako aliitwa nani? Bi Mwanaheri alisuka ukili kimya kana kwamba hakuulizwa kitu. Sifuri. Kisha Fortunata akamtajia maneno matatu ayakumbuke, treni, theluji na lifti, na baada ya maswali kadhaa akamwomba ayataje. "Hayo siwezi," alisema bibi. Sifuri. Akampa kalamu achore umbo la pembe tano. Bibi aliigeuza ile kalamu, akamrudishia kwa adabu. Jumla, kumi na moja.

Aliendelea hivyo nyumba kwa nyumba, kijiji kwa kijiji, na wazee arobaini na mmoja kati ya sitini wa pwani wakaanguka. Fortunata aliwaonea huruma. Moyoni, tuseme ukweli, alipata na faraja kidogo, maana msiba wa wengi ni sherehe, na mama yake alikuwa na wenzake wengi.

Mwezi mmoja baadaye alirudi Kiswere na barua. Kila aliyeanguka alipelekewa karatasi yenye mhuri ya kumtaka aende kwa daktari. Ya Bi Mwanaheri ilisomwa na mjukuu wake, Warda, barazani, kwa sauti, mbele ya wanawake watano waliokuja kusuka. Ilisema kwamba Mwanaheri Pazi ana dalili za kupotewa na kumbukumbu.

Wanawake wakaacha kusuka. Warda aliikunja barua kwa hasira, lakini bibi alinyoosha mkono akaichukua.

"Mwanangu," alimwambia Fortunata, "ulikuja hapa Alhamisi. Ulivaa gauni la kijani la mtumba, limeshonwa upya kwapani kwa uzi mweusi. Uji ulikunywa kikombe kimoja, cha pili ukakataa. Uliniuliza mwezi, nikakwambia. Wewe ukaandika sijui?"

"Uliniambia mfungo saba, bibi. Fomu..."

"Na ulikuwa mfungo saba! Sasa tuko mfungo nane. Mfungo tisa ukiisha ni Rajabu, kisha Shaabani, kisha tunafunga. Nani hapa hajui?"

Wanawake wote watano walijua. Hata mtoto aliyekuwa ananyonya alionekana kama anajua. Fortunata peke yake, Mkristo wa bara, ndiye alikuwa amekaa pwani miaka zaidi ya thelathini akiamini miezi yote duniani inaanza na Januari.

"Na watoto je? Nilikuuliza wangapi."

"Watoto wa binadamu si kuku wa kuhesabiwa jioni. Ukiwahesabu, unamwonyesha nani wa kumchukua? Kwenu mnawahesabu?"

Fortunata alifikiri. Kwao pia mama yake alijibu "wapo". "Na jina la baba mkwe?"

"Jina la mkwe halitajwi na mke wa mwanawe. Hilo nalo ni la kuuliza mbele za watu? Nilikusitiri kwa kunyamaza, nikadhani umeelewa."

"Basi yale maneno matatu, bibi. Hayo nilikupa mimi mwenyewe, na ulisema huwezi."

"Treni, theluji, lifti," alisema Bi Mwanaheri, mwezi mzima baada ya kuambiwa. "Nilisema siwezi kuyataja. Sikusema nimeyasahau. Neno nisilolijua maana silitii kinywani mbele ya mjukuu wangu. Nitajuaje, labda ni tusi?"

Wanawake walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Fortunata hakucheka. Alikaa mkekani bila kukaribishwa, aibu imemjaa mpaka masikioni. Yeye, aliyemfukuza mganga kwa mwiko, alikuwa amepita pwani nzima akiwapa wazima ugonjwa kwa kalamu. Lakini chini ya aibu ile kulikuwa na kitu kingine kinaruka moyoni, na alilijua jina lake. Ilikuwa furaha. Kama maswali ndiyo mabovu, basi na tisa ya mama yake ni mbovu. Mama haumwi. Mama naye ameulizwa vibaya.

Aliomba radhi pale pale, kwa Bi Mwanaheri na kwa baraza zima. Kesho yake alipanda lori la chumvi kwenda Lindi mjini kumwona daktari msimamizi.

Daktari Ignasi alikuwa kijana mpole kutoka Dar es Salaam, mwenye kalamu nne mfukoni na haraka isiyokwisha. Alikuwa tayari na fomu za pwani mezani, zimefungwa kwa kamba.

"Mama Fortunata, afadhali umekuja. Arobaini na mmoja kati ya sitini! Haiwezekani. Ama ukanda mzima umerukwa na akili, ama karani hakufanya kazi. Nimeandika tuuondoe kwenye utafiti."

"Karani alifanya kazi, Daktari. Alifanya kama alivyofundishwa, na hapo ndipo alipokosea." Akamweleza yote, tangu mfungo saba hadi theluji.

"Maswali haya yamejaribiwa Ulaya miaka mingi."

"Basi wazee wa Ulaya waulizwe hayo. Wewe Daktari, bibi yako yuko wapi?"

"Yuko Peramiho."

"Ameshaiona theluji?"

Daktari Ignasi alizitazama zile fomu. Kisha akafanya jambo ambalo Fortunata alimheshimu kwalo tangu siku hiyo. Alivuta simu, akapiga Bukoba, kwenye kanda ya Ziwa. Alisikiliza muda mrefu. Alipoiweka alikuwa amepunguza haraka.

"Karani wao naye amekwama. Huko wazee wanataja mwaka kwa jina la njaa au la vita, na fomu inataka tarakimu. Dodoma wananung'unika hivyo hivyo. Kila mmoja alidhani ni kwake tu." Alizifungua kamba. "Lakini ripoti inakwenda mwishoni mwa Oktoba. Gari sina, posho sina. Kama wazee sitini hawajahojiwa upya kufikia hapo, pwani inatoka. Na kliniki inakwenda kwingine."

"Wiki tano," alisema Fortunata.

"Ni chache, mama."

"Sikukuuliza kama ni chache, Daktari. Nilikuwa nahesabu."

Maswali mapya yalitungwa kwenye baraza la Bi Mwanaheri, na msije mkadhani ilikuwa kazi ya kupeana zawadi. Fortunata, kwa kutaka wote wafaulu, alianza na mepesi. Bibi aliyakataa moja baada ya jingine.

"Hilo hata mbuzi wangu atajibu. Usimuulize mtu asichoruhusiwa kusema, hilo sawa. Lakini anachokijua, muulize kisha umzungushe. Mgonjwa ukimwita mzima, umemnyima dawa yake."

Basi wakapanga. Mwezi utajwe kwa hesabu yoyote, mradi uwe ndio. Watoto wasihesabiwe, ila mzee aseme nani alimfuata nani, kisha arudi nyuma kutoka kitindamimba. Jina la mkwe lisitajwe, ila aseme nyumba yake ilitazamana na ya nani. Maneno ya kukumbuka yakawa jembe, chumvi na kuku. Badala ya pembe tano, mwanamke wa pwani alipewa ukili ulioachwa njiani auendeleze bila kuharibu mchoro, na mwanamume alipewa wavu wenye tundu. Fortunata aliyaandika yote, akamtumia Daktari Ignasi, naye akayatuma kanda nyingine nne ili kila moja itunge yake na wazee wake, uzito uwe mmoja.

Halafu akatembea. Mvua za mwaka ule ziliwahi na hazikuwa na adabu. Mito ilijaa kabla ya wakati wake, malori yakakwama, na siku moja alivushwa Mbwemkuru kwa mtumbwi, fomu zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni kichwani. Kucha mbili za miguu zilimtoka. Mzee mmoja alimfungia mlango, akisema hataitwa kichaa mara ya pili. Fortunata alikaa kizingitini na mwavuli uliovunjika mpaka mzee akaona haya akafungua. Alifaulu kwa ishirini na sita.

Wengi walifaulu. Bi Mwanaheri alipata ishirini na tisa, na ile moja aliigombania. Kwa kila aliyepanda juu ya kumi na nane, Fortunata alipiga hesabu yake ya siri. Huyu alikuwa na kumi na mbili, sasa ana ishirini na tano. Yule alikuwa na tisa kama mama, sasa ana ishirini na mbili! Lakini wapo saba ambao maswali mapya hayakuwanyanyua. Mmoja alikuwa mvuvi hodari wa zamani. Alipewa wavu wenye tundu, akaushika, akaugeuza, kisha akauliza kwa upole kama nguo hii ni ya mtoto. Mkewe akatazama pembeni. Fortunata aliandika sifuri, na safari hii alijua ni sifuri ya haki. Usingizi wa siku ile haukuwa mzuri.

Mwisho wa Oktoba fomu sitini zilikuwa mezani Lindi. Daktari Ignasi alizipitia, akasema pwani imebaki, na kliniki itaanza Januari. Dawa ya kuponya hakuna, alisema wazi, ila ya kupunguza makali inajaribiwa, na ndugu watafundishwa namna ya kuwalea wagonjwa. Watakaoandikwa ni wale tu ambao fomu zao zinaonyesha chini ya kumi na nane.

"Bado mmoja," alisema Fortunata. "Mama yangu. Nilimhoji Agosti, sikuileta fomu yake."

Daktari alimtazama, asiulize kwa nini. "Kanuni haikuruhusu kumhoji mzazi wako. Nitakuja mwenyewe."

"Kwa lugha gani, Daktari? Kiswahili kimemtoka. Uje, ukae, uandike wewe. Mimi nitauliza kwa Kimakonde na kukutafsiria."

Alikuja Jumamosi asubuhi. Anjelina alikuwa ameogeshwa, amevaa kanga mpya, amekaa kwenye kigoda barazani, anamtazama mgeni kwa furaha. Fortunata alikuwa na uhakika. Siku zote hizo matopeni alikuwa amejenga uhakika huo, mzee mmoja juu ya mwingine. Lugha ya mama, maswali ya haki, asubuhi ya baridi kabla jua halijachosha kichwa. Nini tena?

Alimuuliza msimu. Anjelina alisema wanavuna, na mvua ilikuwa inadondoka kwenye bati. Alimuuliza nani alimfuata nani katika watoto wake. Alimtaja wa kwanza, akamtaja tena. Alimuuliza jinsi ya kupika ming'oko, viazi mwitu alivyowapikia utoto wao wote. Mama aliinua mikono kama anayeshika chungu, akaishusha, akaitazama. Jembe, chumvi, kuku havikukaa hata dakika moja. Kila mara Fortunata alitafsiri, na kila mara kalamu ya Daktari ilichora kiduara kidogo.

Likafika swali la ishirini na mbili. Hili alilitunga yeye mwenyewe, na halikumshinda mzee yeyote mzima.

"Mama, huyu anayekaa nawe humu ndani, anayekupikia na kukuogesha, ni nani?"

Anjelina alimtazama sana. Uso ukamfunguka. Aliinama, akampapasa binti yake shavuni kwa mkono wenye harufu ya sabuni, akasema, "Rosa."

Rosa alikuwa dada yake Fortunata. Alizikwa mwaka wa sabini na nne.

"Amesemaje?" aliuliza Daktari Ignasi, kalamu juu.

Fortunata aliitazama ile kalamu. Daktari hakujua hata neno moja la Kimakonde. Angeweza kumwambia kwamba mama amesema Fortunata. Angeweza hata kumwambia ukweli nusu, kwamba kwao mdogo huitwa kwa jina la dadaye marehemu ili jina lisipotee, na Daktari angekubali na kuandika kwa hati safi pembeni: mila ya mahali. Siku hizi alikuwa anaamini kila mila aliyoambiwa, na ni Fortunata ndiye aliyemfundisha kuamini. Alama moja ingepatikana, halafu na nyingine. Wiki tano alikuwa amezunguka pwani yote akidai majibu ya watu yapokewe kama walivyoyatoa, na hakuna mtu katika kanda zote tano ambaye neno lake lingeaminiwa upesi kuliko lake.

Alitamani kuwa Rosa kidogo, pale kando ya kigoda, aendelee kupapaswa.

"Amekosea," alisema. "Amemtaja dada yangu aliyekufa. Andika sifuri, Daktari."

Daktari Ignasi aliishusha kalamu. "Mama Fortunata, tunaweza kupumzika."

"Andika."

Alisubiri mpaka alipoona kile kiduara kimekamilika karatasini. Kisha akaushika mkono wa mama yake uliokuwa bado shavuni, akauweka juu ya goti lake asiuachie, akamuuliza swali la ishirini na tatu.